Koo Lisilo na Mafindofindo

Nianze na nilivyokuwa, maana sijivunii bure. Nimezaliwa Itaka, nikajisomesha kwa kuchuma kahawa za watu, nikapata stashahada ya forodha. Nilifanya kazi Ndola miaka sita, nikarudi Tunduma kufungua ofisi yangu. Katika ukoo wetu hakuna mwingine mwenye stashahada.

Lakini tangu utotoni masikio yangu yalitoa usaha, na nimonia ilinishika karibu kila masika. Kaka zangu wawili walikufa hivyo hivyo kabla ya kuanza shule. Dada yetu hakuguswa. Baba mdogo akatangaza kwamba mama anawala watoto wake wa kiume. Wakamrudisha kwao Mbebe. Nina hasira mpaka leo na sitaomba radhi.

Mimi walinipeleka kwa mkata vimeo, akakata kile kinyama kinachoning'inia kooni. Baada ya hapo, kila tabibu aliyenichungulia alishangaa kutoona mafindofindo. Jibu la nyumbani lilikuwa moja: "Alishakatwa." Basi, nikapewa vidonge.

Niliporudi kutoka Ndola nilikuwa nikikohoa usaha wa kijani, kikombe kizima kila asubuhi. Suruali nilizifunga kwa kamba. Mtaani walisema nimeleta ukimwi kutoka Zambia. Nilipima mara nne, sikuwa nao.

Katika hospitali ya rufaa, daktari mmoja, mwanamke mfupi, mkali, alinipapasa shingo, kwapa na kinena.

"Kwa ugonjwa huu tezi zingekuwa zimevimba. Wewe sizipati. Nani alikutoa mafindofindo?"

"Mkata vimeo."

Mama alikuwa amekuja kuniuguza. Akasema, "Yule alikata kimeo tu. Mafindofindo alisema hajayaona."

"Mama, mbona hukuwahi kusema?"

"Nani aliniuliza, baba?"

Damu ikapimwa. Chembe zinazotengeneza kingamwili sikuwa nazo. Daktari alieleza kwamba chembe hizo ndizo zinazojaza mafindofindo na tezi. Zisipokuwepo, viungo hivyo havikui. Kasoro hiyo mama huibeba bila kuumwa, bila kujua, ikawaangukia wana wa kiume; na binti anaweza kuirithi, akaibeba vivyo hivyo.

Baba mdogo alipopata habari akachekelea. "Si tulisema imetoka kwake?"

"Yeye hakujua anabeba nini," nikamjibu. "Wewe ulijua unamfukuza nani."

Sasa kila mwezi natundikiwa dripu ya kingamwili. Mapafu yaliyoharibika hayarudi, ila ofisi ninaifungua mwenyewe asubuhi. Namshukuru Mungu, namshukuru yule daktari, namshukuru mama, ambaye anaishi kwangu. Nanyi mnaougulia ndani kwa aibu, nendeni mkapimwe damu. Na daktari akiuliza habari za mtoto, mwacheni mama yake ajibu kwanza.

Juzi dada yangu amejifungua mvulana. Baba mdogo akapiga simu kuuliza lini atapelekwa kwa mkata vimeo. Simu aliipokea mama.

"Shemeji," alisema, "huyu ameshapimwa damu. Koo lake liacheni."