Mlinifundisha "masaa" si Kiswahili, samaki wa dada yangu wakadoda Bwera

Wakuu, salaam kwenu nyote, hata wewe uliyeshika kamusi.

Haya yametupata sisi wenyewe, sijatia chumvi. Na sikuja kuomba msamaha.

Mimi natengeneza programu za simu hapa Kasese. Dada yangu Masika ananunua samaki ziwani Hamukungu, anawauza sokoni Bwera. Nikamtengenezea app ndogo: mtumbwi ukifika anabonyeza, kisha simu inaonyesha muda uliopita tangu samaki watoke majini. Mteja ajionee kuwa ni wabichi.

Hesabu yake ni nyepesi, unatoa tu, unapata sekunde, unagawanya. Shughuli iko kwenye neno la kuandika. Mimi niliandika "masaa 2".

Nikapost screenshot humu. Mlinishukia kama mwewe! "Hakuna masaa, wingi wa saa ni saa." "Waganda na Kiswahili wapi na wapi?" Nikaona aibu, nikabadilisha. Ikawa "Samaki: saa 2".

Masika akafika Bwera adhuhuri. Mama mmoja wa hoteli, mteja wake mkubwa, akachungulia simu.

"Saa mbili? Asubuhi saa hiyo mitumbwi bado iko ziwani. Basi ni saa mbili ya usiku, hii samaki ililala!"

Masika akaanza kumweleza. Wakiwa bado wanabishana, namba ikageuka: saa 3.

"Ah! Sasa imekuwa saa tatu? Dada, unageuza saa mbele ya macho yangu?"

Watu wakajaa. Mama akaondoka, na wengine wakamfuata. Samaki wa asubuhi ileile wakadoda.

Masika akanipigia analia. "We, hii simu yako imeniita muongo mbele ya soko yote. Nani atanunua kwangu tena?"

Wakuu, niliwaka. Nikarudisha neno langu: "Masaa 2 yamepita tangu watoke ziwani."

Wiki iliyofuata yule mama akapita tena. Masika akamwekea simu mbele. Mama akasoma kwa sauti, "Masaa mbili imepita," akafunua shavu la samaki, akanusa.

"Hii iko fresh. Nipe beseni yote."

Masaa mbili, alisema. Hata "mawili" hakusema! Na hakuna aliyepotea njia.

Nilichojifunza: kwetu saa inakaa ukutani, masaa ndiyo yanayoozesha samaki.

Comment zenu nazisoma zote. Ila anayetaka nifute "masaa", aje Bwera, asimame nyuma ya beseni la Masika, amfundishe sarufi yule mama wa hoteli.