Mpaka Nilioupiga kwa Rula

Mwanangu, nimesikia mmepewa kazi ya kupanga upya mipaka ya mahakama za mwanzo, ili mahakimu wagawane kesi sawasawa. Nimefurahi. Nami niliwahi kuifanya, na naikumbuka vizuri siku iliyonifunza, maana iliniacha na tope hadi kiunoni.

Nilikuwa karani kijana, mwenye madaha na kalamu yangu. Mahakama yetu ilielemewa. Watu walifika asubuhi, wakaambiwa kesi imeahirishwa, wakarudi walikotoka. Ng'ambo ya mto, hakimu wa mahakama ya kule alimaliza kesi zake kabla ya adhuhuri. Basi nikaagizwa niandike pendekezo. Nikatandaza ramani, nikahesabu majalada, nikapiga mstari kwa rula. Vijiji vitatu vya upande wa Mkange vikahamia kule. Kazi ya nusu saa! Nikatoka barazani kuwatangazia waliokuwa wakisubiri.

Miongoni mwao alikuwepo Bi Mwanahawa, mjane wa kimojawapo cha vijiji hivyo, aliyedai shamba la mikorosho alilorithi kwa mumewe, shemeji yake akalikalia. Aliniuliza atapita wapi. Nikamwonyesha kwenye ramani kwamba kule ni karibu zaidi. Akatabasamu, akaniomba nimsindikize ili aijue njia. Hakimu wetu alikuwa amesikia dirishani; akaniambia niende.

Kesho yake tukaanzia kijijini kwake. Ilikuwa masika, na bonde lote la kuelekea mtoni lilijaa maji. Nikajitia ujasiri, nikatangulia, nikazama. Bi Mwanahawa akaninyooshea fimbo yake, akanivuta huku akicheka mpaka machozi yakamtoka. Kiatu kimoja kilibaki humo.

Nilipotulia, akasema bila hasira, "Mwanangu, majalada utayahamisha kwa kalamu. Mimi nitahama kwa miguu hii. Na siku nisiyofika, shemeji yangu atakuwa amefika."

Nikaona aibu, kisha nikacheka naye.

Niliporudi nililichana lile pendekezo. Wiki nzima nikakaa barazani nikimuuliza kila aliyekuja: unatoka wapi, unapita wapi, masika inakuwaje? Kumbe vijiji vya karibu na daraja vilikuwa na barabara isiyokatika mwaka mzima. Hivyo ndivyo vilivyohamishwa, na wenyewe wakaridhia. Mzigo ukapungua kwetu, na Bi Mwanahawa akasikilizwa palepale alipopazoea. Shamba alilipata. Siku ya hukumu alinipitia mezani, akaniuliza mbele ya watu kama nimeshapata kiatu cha pili.

Basi nakuusia hivi. Majalada yahesabu, hilo ni lazima. Lakini kabla hujapiga mstari, muulize mwenye safari, hasa mama mjane na mzee, na umuulize habari za masika. Ukiweza, tembea naye. Ukigundua umekosea, futa mapema, wala usione haya. Mimi nilifuta nikiwa na kiatu kimoja, na kazi ilinyooka.

Mwenyezi Mungu akupe subira ya kusikiliza. Kila atokaye kwake alfajiri kufuata haki aikute mahali anapoweza kufika, na akirudi nyumbani akuombee dua. Amina.