Kishikwambi Kilichoingia Kwenye Mbeleko

Watu wananiuliza mpaka leo kwa nini nilinunua kile kidogo. Wananiuliza wakiwa wamekaa, mikono mitupu, hawana mtoto mgongoni. Huwa nawajibu vibaya. Hapa nitajibu vizuri, mara moja, nisirudie tena.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuandikisha wakulima wa alizeti huku kwetu Mtinko. Mnunuzi mmoja wa mbegu alitaka kila shamba lijulikane: la nani, liko wapi, linaishia wapi. Tulipewa programu, ila kishikwambi cha kuiweka kila mtu ajinunulie. Kwanza kulikuwa na wiki ya majaribio. Ukipita, kazi ni yako kila msimu. Usipopita, unarudi ulikotoka. Mimi nilikotoka ni vibarua vya kulima mashamba ya watu, na cheti changu cha kidato cha nne kimelala sandukuni. Mtoto alikuwa hajaanza kutambaa. Baba yake alikwenda Manyoni kutafuta kazi, akaipata, akampata na mwanamke mwingine. Sikuwa naomba utajiri. Nilikuwa naomba kuachana na jembe la watu.

Mama yangu akauza mbuzi wake. Nikaenda Singida mjini, kwenye duka la simu la mama mmoja wa Kihindi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba binti. Karibu."

Akaniwekea viwili juu ya kaunta, bei zinakaribiana. Kimoja kikubwa kama sinia, kizito, ukigusa tu kimeshafunguka. Cha pili chembamba, unakishika kwa vidole viwili, ila ukikigusa kinawaza kwanza.

"Unafanyia kazi gani?"

"Kuzunguka mashamba. Kupiga picha za wakulima, kuchora mipaka."

"Basi chukua kikubwa. Hiki kidogo ni cha kuangalizia tamthilia."

"Nitakibeba wapi?"

"Kwenye begi, mgongoni."

"Mgongoni kuna mtu, mama."

Akamchungulia mtoto, mtoto akamkodolea macho. "Huyu mpangaji wako analipa kodi?"

"Hata bili ya maji halipi. Ananimwagia tu."

Tukacheka. Halafu nikafanya ninachofanya na kila kitu ninachotaka kubeba: nikakijaribu kwenye mbeleko. Nikalegeza kanga pale pale dukani, nikaingiza kile kikubwa kati ya mgongo wangu na tumbo la mtoto, nikafunga. Kona ikamchoma ubavuni, akapiga kelele duka zima likageuka. Nikakitoa, nikaweka kidogo. Kikateleza, kikatulia. Mtoto naye akatulia. Nikatembea mpaka mlangoni na kurudi, mikono yote miwili huru.

"Binti," yule mama alisema akiandika risiti, "nguvu haiongezwi baadaye. Uzito utauzoea."

"Uzito nimeshauzoea. Sina pa kuuongeza tu."

Wengine wanasema ningevaa begi mbele. Mbele ndipo anaponyonyea. Wengine wanasema ningemwacha kwa mama. Mama yuko kwenye mashamba ya watu tangu alfajiri, na mtoto hataki kikombe, ananitaka mimi. Wengine hawasemi kitu, wanacheka. Hao ndio ninaowaelewa.

Kazi ilikwenda hivi. Unafika kwa mkulima, unamsalimia, unampiga picha, halafu unalizunguka shamba lake lote kwa miguu. Huku unatembea, kishikwambi kinachora mstari kufuata nyayo zako. Huhitaji kukishika, kiwe kinawaka tu. Ukirudi pale ulipoanzia, mstari unafunga na shamba limeandikwa. Kikizima katikati, mstari umefutika. Unaanza upya.

Siku za kwanza nilipangiwa asubuhi, kukiwa na baridi. Nilikuwa naruka mawe, nasukuma miiba kwa mikono yangu miwili, mtoto kalala, kishikwambi kinachora. Nilimaliza kabla ya wenzangu. Nikaanza kuwaza mambo ya kijinga, kama kununua viatu.

Halafu nikapangiwa mchana, kwa bibi mmoja mjane ambaye shamba lake limeegemea majabali. Jua la saa saba, mawe yenyewe yanapumua moto. Nikazunguka. Nilipokaribia ua wa minyaa nilipoanzia, nikaingiza mkono kwenye kanga nifunge mstari. Kioo cheusi, kimeandika kimepata joto sana, kisubiriwe kipoe. Kilikuwa kimelowa jasho, la mtoto na langu. Yaani mwanangu mwenyewe ndiye aliyekichemsha.

Nikakiweka kivulini, kikapoa, nikaanza upya nikiwa nimekishika mkononi. Kikastaki, kikaganda kabisa katikati ya majabali. Nikakizima, nikakiwasha, nikaanza tena. Mtoto analia, mimi nanyonyesha huku natembea, maana nikisimama naogopa kitalala.

Bibi alikuwa amekaa mlangoni na wajukuu wake, ananiangalia.

"Mwanangu, mbona unazunguka tena? Unalipima au unaliloga?"

"Nalipima, bibi. Kifaa kina joto."

"Nisipovuna alizeti mwaka huu, nitajua pa kuanzia kuuliza." Akaongeza kitu kwa Kinyaturu, wajukuu wakaangua kicheko.

Alikuwa anatania nusu. Ile nusu nyingine ilinitangulia kijijini. Kesho yake nyumba ya kwanza niliyofika, mwenye shamba alitoka kabla sijapiga hodi.

"Wewe ndiye dada wa kuzunguka zunguka? Hapa usizunguke."

Nyumba iliyofuata hivyo hivyo. Iliyofuata walifunga mlango na nilikuwa nasikia redio ndani.

Mwisho wa wiki msimamizi wetu alikuja na pikipiki. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonikera zaidi.

"Dada, wewe unajua kazi. Tatizo kifaa. Ungechukua kikubwa ukakivaa mgongoni kama wenzako."

"Mgongoni kuna mtu, kaka."

Akatazama chini, akachezea funguo zake. "Basi njoo msimu mwingine. Atakuwa ameshakua."

Mashamba yangu akapewa kijana mmoja tuliyekuwa naye kwenye mafunzo. Kishikwambi nilikirudisha dukani, yule mama wa Kihindi akakigeuza geuza, akanirudishia. Kimeshatumika. Hakunikumbusha alichoniambia, nami sikumshukuru kwa hilo.

Palizi ilipofika, yule bibi akatafuta vibarua. Nikaenda. Hakutaja habari ya kuloga, alinionyesha tu pa kuanzia. Niko nimeinama na jembe lake, mtoto mgongoni, yule kijana akatokea. Begi mgongoni, kile kikubwa ndani yake, mikono anaitikisa kama mtu anayetembea harusini. Akamsalimia bibi, akampiga picha, akaanza kuzunguka. Akapita ua wa minyaa, akapita majabali, jua lile lile. Hakusimama hata mara moja.

Alipofika kwangu akapunguza mwendo.

"Dada, samahani. Sogea kidogo, mpaka unapita hapo ulipo."

Nikasogea. Akapita, akafunga mstari wake, akaaga. Mimi nikarudi pale pale, nikaendelea kulima.