Roketi Kwenye Shamba la Mama Mkwe

Watu wakinisikia nikisema natengeneza roketi, kwanza wanacheka, halafu wananiuliza kama niko sawa kichwani. Nawaacha wacheke. Mimi ni fundi wa friji hapa mjini Bungoma, na nimezoea kuambiwa kitu hakiwezekani na mtu ambaye hajawahi hata kukifungua. Roketi zangu zinaruka. Si zote, lakini nyingi, na zile zilizokataa naweza kukueleza kwa nini zilikataa.

Tuko wawili katika mambo haya: mimi na jirani yangu mwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na msikiti. Yeye ni mtu wa mwili wa roketi, mapezi na parachuti. Mimi ni mtu wa mota, yaani lile bomba fupi linalokaa chini na kuisukuma roketi juu. Kinywa cha mota, pale moto unapotokea, nakifinyanga kwa udongo, nakikausha kivulini, na kikionyesha ufa hata mwembamba kama unywele, nakivunja bila huruma. Kinachoingia ndani sitakiandika hapa. Anayekitaka aje akae nasi, ajifunze kwanza kungoja, maana hiyo ndiyo nusu ya kazi.

Adui wetu mkubwa ni unyevu. Mota iliyokula unyevu inakohoa, inatoa moshi kidogo, halafu inakutazama. Kwa hivyo ndani ya sanduku la mota naweka chupa yenye chumvi kavu. Ujanja huo niliutoa kwa wakulima wa Kitale, ambao hutikisa mahindi na chumvi ndani ya chupa kabla ya kuyaweka ghalani. Chumvi ikigandia kioo, mahindi bado ni mabichi. Kwetu chumvi ikigandia kioo, tunarudi nyumbani na hakuna ubishi.

Lakini shida yetu haikuwa mota. Shida ilikuwa mahali pa kurushia. Mashamba ya Bungoma yamegawanywa na kugawanywa mpaka ukitupa jiwe linaangukia boma la mtu mwingine, sembuse roketi! Mama mkwe wangu, yeye, ana shamba pana huko Saboti, upande wa Kitale. Likishavunwa mahindi linabaki wazi mpaka msimu wa kupanda. Chifu wa huko anatujua, ruhusa tulishaomba, na kwa misimu kadhaa hapo ndipo palikuwa petu.

Sasa, asiyejua mila za kwetu anisikilize vizuri. Mtu na mama mkwe wake hawakaribiani. Simpi mkono. Sili mbele yake, siketi naye chumba kimoja, na tukikutana njiani mmoja wetu anaingia kando. Nikiwa na neno, namwambia mke wangu, naye anampelekea mama yake. Miaka yote ya ndoa yangu huyo mama hakuwahi kunielekezea neno hata moja, wala mimi sikuwahi kumwelekezea. Si chuki, ni heshima, na tulikuwa tunaiweza vizuri sana.

Halafu roketi moja ikatua kwenye paa la zizi la ndama wake. Parachuti ilifunguka vizuri, ila upepo wa mlimani ukaibeba. Watu wakasema nimetoboa paa. Lile paa lilikuwa limeoza, roketi ilimalizia tu! Lakini ndama aliruka ua, akatafutwa siku nzima, na ujumbe ukanifikia kupitia mke wangu.

"Mama amesema atakodisha hiyo shamba," akaniambia. "Kuna mtu wa viazi ashakuja kuiona. Lakini kabla hajampa jibu, anataka aone kwa macho yake hiyo kitu inaruka aje. Na ati kitufe atabonyeza yeye."

"Atabonyeza nani?"

"Si nimekwambia? Mama. Amesema kitu haiwezi kuwaka kwa shamba yake na yeye amekaa tu kama mgeni."

Nilicheka, kisha kicheko kikaniisha. Akiridhika, tunaendelea. Asiporidhika, viazi. Na bila lile shamba, mimi na jirani yangu tungebaki na roketi za kutundika ukutani.

Kumfundisha ilikuwa sinema. Kutoka kwenye roketi kuna waya mrefu unaofika kwenye kisanduku chenye kitufe na ufunguo. Bila ufunguo, kitufe ni pambo tu. Na mtu yeyote akipaza sauti aseme "Ngoja!", mwenye kitufe anachomoa ufunguo na kuuinua juu, wote wauone, na haulizi kwa nini. Hayo yote nilimweleza mke wangu kwa simu nikiwa upande mmoja wa shamba, naye akamweleza mama yake upande wa pili.

"Anauliza, na kama mwenye kusema ngoja ni mtoto?"

"Hata mtoto. Mwambie hata kuku akiweza kusema."

Siku yenyewe ilikuwa safi. Mlima Elgon ulionekana mpaka juu na chumvi ilikuwa inateleza ndani ya chupa kama mchanga mkavu. Mama mkwe alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya ghala, mke wangu nyuma yake. Jirani yangu alikuwa barabarani kuzuia wapita njia. Mimi nilisimama mwisho wa pili, nikiangalia anga na ule upande wa chini ambao ghala lilimziba mama asiuone. Nilikuwa nimemtania jirani asubuhi kwamba aliyeanzisha mila yetu lazima alikuwa mtu wa roketi, kwa vile umbali wa mkwe na umbali wa usalama vimelingana kabisa. "Bana, wewe utaniua," akasema.

Mama akaomba kwanza. Akaombea roketi, akaombea mvua, akamwombea na ndama kwa jina. Kisha akaweka ufunguo na kuanza kuhesabu kwa sauti ya mtu aliyezoea kuongoza nyimbo kanisani.

"Tano! Nne!"

Ng'ombe akatokea upande wa chini. Sijui alikata kamba wapi, lakini alikuwa anakuja moja kwa moja kwenye mabua yaliyobaki karibu na roketi. Jirani alikuwa ametupa mgongo. Mke wangu alikuwa ameziba masikio kwa mikono yote miwili.

"Tatu!"

"Mama! Ngoja!"

Ilinitoka kama radi. Nilimwita kabisa, asije akadhani namwambia mtu mwingine. Mke wangu akahamisha mikono kutoka masikioni akashika mdomo. Mungu wangu! Nimemfokea mama mkwe, tena kwenye shamba lake. Niliona viazi vimeota mbele ya macho yangu, na wazee wameketi wakichagua mbuzi wa faini.

Lakini mama alikuwa amesimama, mkono umenyooka juu, ufunguo unametameta juani.

Nikakimbia. Nilimfukuza yule ng'ombe kwa makofi na matusi ambayo siwezi kuyaandika, nikarudi mahali pangu nikihema. Hapo ndipo nilipokwama. Roho ilikuwa tayari, mdomo ukakataa. Kumfokea kwa dharura ni jambo moja, lakini sasa nimwambie nini, na kwa heshima gani? Nikapiga simu ya mke wangu, haikushikwa. Nikapunga mkono, hakuna aliyeelewa. Mama bado ameinua ufunguo.

"Mkwe!"

Nilitazama nyuma yangu, kama mjinga.

"Si ng'ombe ametoka? Umesema ngoja, nimengoja. Sasa sema tena, mkono imechoka!"

"Endelea, Mama!"

Akarudisha ufunguo, akaanza upya kutoka tano, akabonyeza. Roketi iliondoka kama imetukanwa. Ikapanda wima, moshi mweupe ukibaki nyuma yake, mpaka ikawa kitone. Kisha parachuti nyekundu ikafunguka, ikashuka polepole, ikatua katikati ya mabua.

Mke wangu akaanza kuja kwangu na ujumbe, kama siku zote. Hakufika mbali.

"Rudi," mama akamwambia. "Hii nitamwambia mwenyewe."

Akanigeukia kutoka kule ng'ambo ya shamba, akapaza sauti. "Mkwe! Mtu wa viazi atafute kwingine!"

Nilitaka kumjibu, lakini alikuwa ameshanipa mgongo, inavyotakiwa. Basi nikaenda kuchukua roketi, nikizunguka mbali naye.