Mama Alipopewa Ruhusa

Juzi hospitalini nilimwona mtoto akishangilia kwa sababu bibi yake amepewa ruhusa. Nikamkumbuka mama.

Mchana alioruhusiwa, nikiwa bado mdogo, wodi ilinukia dawa ya kudekia. Nesi alimwosha mama miguu kwa maji ya vuguvugu, akamsuka nywele taratibu. "Mama Zuhura, ukifika nyumbani Ruponda mumeo atakuposa upya," alimtania, na mama akacheka.

Daktari alimwambia baba kwa upole, "Tunampa ruhusa. Akae na wanawe."

Mimi nilijua ruhusa hupewa aliyepona. Nikawatangazia wagonjwa wote.

Nesi akaniinamia. "Mwanangu, leo ulale naye."

"Si amepona? Nalala kwa shangazi, nikacheze."

Nikalala kwa shangazi. Walipokuja kuniita asubuhi, mama alikuwa ameshafunikwa.