Nyundo ya Gavril

Kwa miaka thelathini Gavril alilinda msitu wa misonobari huko milimani Romania. Mti ambao hajaugonga muhuri kwa nyundo yake yenye namba haukatwi, ndiyo sheria. Jumatatu mkuu wake aliichukua nyundo, eti inakwenda kukaguliwa, akairudisha Alhamisi. Gavril alipopanda malishoni kwa Saveta, mchunga kondoo, akakuta mlima mzima umebaki visiki, kila kimoja kimegongwa namba ya nyundo yake.

"Na wewe umekula, mzee?" Saveta akamuuliza, akionyesha namba ile kisikini.

"Sijaonja hata mchuzi."

"Basi kamshtaki aliyekula."

Mashtaka yote ya msitu ule hupokewa na mkuu yuleyule. Gavril akaketi juu ya kisiki kibichi, utomvu ukimganda surualini.