Jina Lililomnyamazisha Mwanangu

Mimi ni fundi wa nguo mjini Migori. Mtoto wangu wa pili, mvulana, nilimzaa bila shida, na alipofikisha siku kumi na mbili tulimpeleka kijijini kwa mume wangu, karibu na Kisegi, ili mama mkwe wangu amwone. Alikuwa mtoto wa kunyonya na kulala. Dada yake Akinyi, wa miaka minne, alikuwa na mafua kidogo na tumbo la kuharisha. Hatukujali. Alishinda akimbusu mdogo wake vidoleni.

Siku ya nne, asubuhi, mtoto aliamka na joto kali. Alikataa titi. Kisha akaanza kulia, na hicho hakikuwa kilio nilichokijua. Kilikuwa chembamba, cha juu, cha sauti moja isiyokatika. Nikimbeba kinazidi, nikimlaza kinapungua. Viganja na nyayo zake zilikuwa nyekundu kana kwamba zimechovywa kwenye maji moto.

Kwetu Wajaluo, mtoto asiyenyamaza huenda ametembelewa na marehemu wa ukoo anayetaka jina lake lirithiwe. Wazee huita majina ya waliokufa, moja baada ya jingine. Linalomnyamazisha ndilo lake.

“Nyar Migori, huyu si mgonjwa,” mama mkwe aliniambia. Ndivyo anavyoniita, binti wa Migori. “Kuna mtu anabisha hodi.”

“Mama, ana joto.”

“Wewe ukilia tangu alfajiri utakuwa baridi?”

Majirani wawili waliokuja kumwona mtoto wakacheka.

Mama mkwe alimpakata, akaanza kuita. Jina la baba yake: kilio. Jina la babu wa mume wangu: kilio. Alipomtaja Osewe, shemeji yake marehemu, mtoto alinyamaza ghafla, kama mtu aliyezibwa mdomo.

Wanawake walitazamana. Osewe alikuwa mtu mkimya. Mchana mmoja alijilaza baada ya chakula, hakuamka tena.

“Anamwona,” jirani mmoja alinong'ona.

Macho ya mtoto yalikuwa wazi, yamegeukia kushoto, mlangoni. Hayakupepesa. Sote tuligeuka. Mlangoni hapakuwa na mtu.

Nami nilifurahi. Ninaliandika hili kwa sababu ndilo kosa langu: niliushukuru ule ukimya, nikaenda kunywa chai.

Niliporudi nilisimama mbele yake. Macho hayakunifuata. Yalibaki kule kule, kana kwamba mimi ndiye nisiyekuwepo. Midomo ilikuwa ikitafuna, na kinywani hamna kitu. Nikamvua nguo. Ngozi ya kifua ilikuwa na mabaka ya zambarau yaliyosukana kama wavu, na tumbo lilikuwa limejaa. Nikaweka mkono kifuani. Kiliinuka, kikashuka, kikatulia. Nilihesabu hadi kumi na tano kabla hakijainuka tena.

“Mama, hapumui vizuri.”

Mama mkwe alimgusa. Alitazama mlangoni, akasema kwa sauti ya chini, “Osewe, mwachilie.” Kisha akamgeukia mume wangu. “Otieno, tafuta gari.”

Njia nzima hadi Homa Bay, kila alipoacha kupumua nilimpiga nyayoni kwa vidole mpaka avute pumzi.

“Hii ni degedege,” daktari alisema mara tu alipomwona. “Mtoto mchanga si lazima arushe mikono. Mwingine hutazama upande mmoja tu. Ilianza lini?”

“Alipopata jina,” Otieno alijibu.

Daktari hakucheka. “Mimi pia nilipewa langu hivyo,” alisema. “Lakini baada ya kunyamaza nilinyonya.”

Walimwekea oksijeni, dripu, dawa ya degedege na ya bakteria. Waliomba kutoa maji ya mgongo. Otieno alikataa. “Atapooza.”

“Sindano inaingia chini ya pale uti wa neva ulio ndani ya mgongo unapoishia,” daktari alimweleza, akamwonyesha kwa kidole mgongoni pake. Otieno akatia sahihi.

Siku tatu maziwa yangu yalipita kwa mpira wa puani. Hakulia hata mara moja. Nilikaa nikikitazama kifua chake, nikiogopa kupepesa macho.

Bakteria hawakupatikana. Sampuli ilipelekwa maabara ya mbali, na jibu likaja: kirusi kiitwacho parekovirusi.

“Kwa mtoto mkubwa huwa mafua au kuharisha tu,” daktari alisema. “Kwa wa wiki mbili kinaweza kufika ubongoni. Hakina dawa. Tunamsaidia kupumua na kula mpaka mwili wake ukishinde. Na msimlaumu dada yake.”

Siku ya tano alilia kwa sauti ya kukwaruza, ya hasira na njaa. Mama mkwe, aliyekuwa amekaa kitandani kwangu pale wodini, aliinamisha uso kwenye leso yake.

Sasa ana miezi kumi na anakaa mwenyewe. Kliniki bado wanampima kichwa na masikio, kwa sababu madhara mengine huonekana baadaye. Namshukuru Mungu, na wauguzi wale. Wewe mwenye mtoto wa chini ya miezi mitatu, akipata joto mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Mwenye mafua anawe mikono, asimbusu.

Majuzi, kwa jirani wa mama mkwe, mtoto aliyekuwa akilia aliitiwa majina, akanyamaza. Watu wakaanza kushangilia. Mama mkwe aliinua mkono.

“Ngojeni,” alisema. “Mvueni nguo kwanza. Mpeni titi. Akinyonya, tutamwita.”